Nani Ainame?

Tarehe 4 Februari

Mtalaka wangu,

Mimi mzima. Hali yako sikuulizi, kwa sababu binti yetu ameshanipa habari zako kabla sijazitamani: umepata kazi, tena kazi yangu. Kati ya kazi zote chini ya jua, kulinda geti, kuuza ndala, kupiga domo ambalo ndilo fani yako, umeona ukajiandikishe kwenye kampuni hii hii ya kufua, tawi la huko uliko, kufundisha mashine kukunja mashuka. Tumeachana na bado unanifuata kama harufu ya dawa ya madoa.

Nakuandikia barua kwa sababu namba yako nimeifunga na sina mpango wa kuifungua. Dereva wa gari la mashuka huenda huko kila wiki, ndiye atakuwa tarishi wetu. Ameapa kwamba hasomi barua za watu. Uso wake unasema anasoma.

Najua maelezo ulipewa, lakini najua pia ulikuwa unasinzia, kwa hiyo nakueleza upya. Mashine hizi hazifundishwi kwa kitabu. Inashika upande mmoja wa shuka, wewe unashika upande wa pili, mnakunja. Ikifanya la maana unabonyeza kitufe cha kijani kwenye mkanda wa mkononi, ikifanya upuuzi unabonyeza chekundu, mpaka ielewe unachotaka. Jioni mashine yangu na yako zinaunganishwa kwenye mtandao, kila moja inamwagia mwenzake ilichojifunza, na asubuhi zinaamka na akili moja. Maana yake ni kwamba ujinga wako unalala huko na kuamkia kwangu.

Na umeamka. Jana tulishika shuka, mimi na Zuzu (hilo ndilo jina nililompa, nguzo yenye magurudumu na mikono miwili mirefu, mahali pa kichwa pana kamera), na kabla hatujaanza akalivuta kwa ghafla, nikayumba mbele. Nalijua lile vuta. Nimevutwa hivyo kwa miaka kule chumba cha kufulia cha hospitali, na mtu ambaye kila nikiyumba alicheka mpaka akakohoa. Nilibonyeza chekundu mpaka kidole kikaniuma.

Unajua kama ninavyojua: msimu huu wa mafunzo ukiisha kampuni itabaki na mwalimu mmoja tu, wa kudumu. Mimi nimepanga chumba ambacho paa lake linavuja juu ya kitanda, na sina umri wa kuanza kubembeleza matajiri wapya. Kazi hii ni yangu. Tafuta nyingine.

Mtalaka wako

*

Tarehe 11 Februari

Bibie,

Barua yako nimeipata, imenuka sabuni na ubaya. Nashukuru kwa maelezo. Kweli nilikuwa nasinzia, sauti ya yule mtaalamu ni ya kulaza watoto.

Kwanza, nisalimie mume mwenzangu, huyo Zuzu wako. Mwambie nimempa pole, mimi nilikaa naye huyo mwanamke kwa hiari yangu, yeye kaletwa kwenye sanduku. Mwambie pia avute shuka kila asubuhi. Shuka lisipovutwa halinyooki, na mwanamke asiyevutwa anajiona waziri.

Pili, nyani haoni kundule. Unalalamikia vuta langu, hujui huku kwangu kuna nini. Mashine yangu, kila tukimaliza kulinganisha ncha, inarudi kuzikagua. Inazilinganisha mara ya pili, inainamisha ile kamera yake kama mtu anayenusa mchuzi wa mwenzie. Nani mwingine duniani anakagua ncha mara mbili? Nani alikuwa akinikagulia hata vifungo vya shati mlangoni, mbele ya majirani? Nilimfukuza huyo mkaguzi maishani mwangu, sasa kanirudia kwa umbo la chuma, na huyu hata chai hapiki.

Tatu, kazi ni ya atakayeshinda. Mimi ndiye niliyekufundisha kukunja shuka kubwa, umesahau? Ulikuja pale hospitali hujui hata upande wa pindo. Aliyekutoa ujinga hawezi kukuogopa.

Mimi niko imara kama chuma. Huku wananiita Bwana Nyoofu kwa jinsi ninavyosimama.

Mumeo wa zamani, asiyejuta

*

Tarehe 14 Februari

Baba,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukiona neno "mgongo" linakuja unakata.

Jana nilikuja kazini kwako kukuletea chakula. Nilisimama mlangoni na hukuniona. Uliikabidhi mashine ncha zako, ikasimama zake, na wewe ukainama kuokota kunjo la shuka lililoning'inia chini. Ulikwenda chini ukiwa mzima, ukarudi juu ukiwa umeng'ata mdomo na jasho linakutoka, kisha yule mtaalamu alipogeuka ukaanza kupiga mluzi. Bwana Nyoofu! Unanyooka kwa sababu huwezi kupinda.

Mimi ni mwalimu wa udereva, Baba. Kutwa nzima nakaa na watu wanaoniambia wameona taa nyekundu wakati hawajaiona. Nawajua waongo kwa shingo zao. Tangu lini unaumwa hivyo? Nilipokuuliza baada ya zamu hukuniambia, ulinitolea mizaha. Umeniapisha nisimwambie Mama, na umesema kampuni ikijua utaondoka siku hiyo hiyo. Sawa. Nimenyamaza. Lakini wanafunzi wangu wakifika pale pa kugonga ukuta mimi nina breki upande wangu, na nitaikanyaga bila kuomba ruhusa.

Nenda hospitali. Si ile mliyokuwa mkifulia mashuka, nyingine, kama unaona aibu.

Binti yenu wa pekee, kwa bahati nzuri

*

Tarehe 20 Februari

Mtalaka wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, haikustahili kiti.

Ulinifundisha kukunja shuka, kweli. Acha nikukumbushe ulivyofundisha. Mnashika ncha nne, wawili wawili. Mnakunja kwa urefu. Mnatembea mpaka mnakutana katikati. Hapo mmoja anamkabidhi mwenzake ncha zake zote, kisha anainama mpaka chini, anashika lile kunjo linaloning'inia karibu na sakafu na kulipandisha juu. Mmoja anasimama, mmoja anainama. Kuna wakati wowote, hata siku ya mvua, hata siku nina mimba ya huyu binti na tumbo limefika puani, kuna siku wewe uliinama?

Wewe ulisimama. Ncha umezishika kifuani, macho dirishani, unaongea na wapita njia. Mimi chini, juu, chini, juu. Siku niliyokuambia "leo nisaidie, inama wewe", ulinijibu mbele ya watu wote wa zamu: "Mimi siinamii mtu." Wakacheka. Hadi leo nikisikia kicheko cha watu wengi najua wanacheka lile.

Basi nimeamua. Zuzu atainama. Wiki hii yote namkabidhi ncha, anasimama kama wewe, nambonyezea chekundu. Mtaalamu wetu huku, mwanamke mwenye miwani mikubwa kama madirisha ya benki, alikuja akauliza: "Mama, mbona unampa nyekundu, amesimama vizuri tu?" Nikamwambia: "Kusimama vizuri hata mlingoti unasimama." Akaandika. Kila ninachosema anaandika, sijui anafikiri mimi ni nabii.

Juzi, mwisho wa zamu, Zuzu badala ya kupokea ncha zangu alinipa zake, akajikunja katikati ya nguzo, akashuka mpaka chini, akashika kunjo na kulileta juu. Nimeinamiwa! Nilibonyeza kijani, nikabonyeza tena, nikatoka nje nikanywa maji. Siku ya kwanza maishani mwangu kuona kichogo cha anayefanya kazi na mimi, hata kama ni cha bati.

Mtalaka wako, aliyesimama

*

Tarehe 27 Februari

Bibie, tena kipenzi cha watu,

Leo nakuandikia nikicheka, samahani mwandiko unaruka.

Unajua kilichotokea Jumatatu? Nimeingia kazini, nimeshika shuka, tumekutana katikati, nikajiandaa. Mashine ikanipa ncha zake, ikashuka chini yenyewe ikaniletea kunjo mpaka mkononi! Sijafundisha. Sijabonyeza kitu. Nikauliza, mtaalamu wa huku akasema: "Imejifunza kutoka tawi lile lingine, Mzee. Kuna mama kule kafanya kazi nzuri sana."

Kuna mama! Kumbe baada ya yote, baada ya talaka, baada ya kugawana sufuria, bado unaninyooshea mambo. Umekesha ukimbembeleza mume mwenzangu ainame, kumbe ananiinamia mimi! Asante sana. Mwambie ashuke polepole kidogo, ananitia upepo.

Wakubwa walipita jana kukagua. Wamenikuta nimesimama, nimenyooka, kazi inakwenda kama maji. Mmoja akasema, "Huyu mzee ana staili." Andaa kwaheri ya kuaga huko kwako.

Yule yule, asiyeinama

*

Tarehe 3 Machi

Wewe mtu,

Nimerarua barua yako, kisha nikaokota vipande nikavisoma tena, ili nisije nikakusingizia hata neno moja.

Sawa. Umewahi kuona watu wawili wanaogombea godoro mpaka linachanika? Hao ni sisi, na mimi ndiye nitakayelichana. Tangu leo asubuhi kila Zuzu akiinama nambonyezea chekundu. Sitaki. Nimeona afadhali niiname mwenyewe mpaka kiuno kikatike kuliko wewe uinamiwe kwa jasho langu. Tukose wote!

Mtaalamu wa miwani amenijia mbio. "Mama, wiki mbili umemfundisha kuinama, leo unamkataza. Unamchanganya." Nimemwambia mimi nimechanganywa miaka mingi na bado nafanya kazi. Akasema kwa upole wake ule wa kukera: "Ukimkataza bila kumwonyesha unachotaka, atajaribu chochote." Ajaribu. Kuiga tabia zako, kusimama tu kama mlingoti, hilo pia nabonyeza chekundu. Kuinama, chekundu. Kijani hakipati mtu wiki hii.

Wewe jiandae. Kuanzia kesho mashine yako haitashuka. Kunjo litakuwa chini pale, na wewe juu hapo, tuone huyo Bwana Nyoofu atalichukua na nini, na meno?

Mimi

*

Tarehe 9 Machi

Mama,

Nimekanyaga breki.

Ijumaa walinipigia simu kutoka kazini kwa Baba. Mashine iligoma kuinama, imesimama na ncha, kunjo liko chini. Baba alijaribu kuliinua kwa mguu, watu wakacheka. Akajaribu tena kwa kupiga goti, akashuka, hakurudi. Nimemkuta amelala ubavu juu ya rundo la mashuka safi, anamwambia mtaalamu kwamba anakagua sakafu. Tulimbeba watu watatu, na njia nzima alikuwa anatukosoa tunavyombeba.

Nimemlazimisha kwenda hospitali. Daktari kaangalia picha za mifupa, akauliza aliumia lini. Baba akanitazama, akatazama dari, akasema. Mama, alianguka kwenye ngazi ya tangi la maji kule hospitalini kwenu, kabla mimi sijazaliwa. Alianguka peke yake, akaamka peke yake, akarudi kwenye zamu. Msimamizi wenu wa wakati ule alikuwa akimfukuza kila aliyeugua, na wewe ulikuwa na mimba yangu. Tangu siku hiyo hajawahi kuinama bila kuona nyota. Ndiyo maana hakuinama. Hata ile siku unayoisimulia kila sherehe, ile ya "siinamii mtu", alisema hivyo kwa sababu watu walikuwa wanamwangalia na alikuwa hawezi.

Nimemuuliza, "Kwa nini usimwambie Mama?" Akasema, "Afadhali anione jeuri kuliko anione mbovu." Mama, mimi nimelelewa na watu wawili wenye akili zao, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kumuuliza mwenzake swali moja la maana. Wanafunzi wangu wanaogonga vibanda vya watu wana busara kuliko nyinyi.

Kampuni bado haijui. Inadhani kateleza. Ukitaka kazi, una neno moja tu la kusema kwa yule mtaalamu wako, na Baba kaisha. Nimekuambia kila kitu. Sasa mimi sina siri, nimepumzika, yaliyobaki ni yenu.

Binti yenu

*

Tarehe 12 Machi

Mtalaka wangu,

Binti ameniandikia. Usimgombeze, amefanya ulichopaswa kufanya wewe zamani.

Kama unangoja pole, itafute kwa mwingine. Sina. Nimekaa na hiyo barua usiku kucha na kilichonijia si huruma, ni hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata siku ya talaka. Umeniacha nikuchukie kwa jambo ambalo halikuwapo! Nimekuchukia kwa bidii, kwa moyo wote, kama mtu anayelima shamba, kumbe shamba si langu. Nimewasimulia dada zangu. Nimewasimulia majirani. Nimemsimulia mtoto. Chuki yote ile ilikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ila wewe umeumbuliwa na mashine ya kukunjia mashuka, na sababu ni vidole vyangu. Hilo la kukubonyezea chekundu mpaka ukaanguka, nimeliona. Sitalisema mara mbili.

Lakini ngoja, sijamaliza na wewe. Nina jambo jipya, na hili ndilo lililonizindua.

Leo asubuhi nimekwenda kazini na macho mekundu. Tumeshika shuka, tumekutana, nikamkabidhi Zuzu ncha. Kusimama tu nimemkataza. Kuinama nimemkataza. Injini yake ikaunguruma. Kisha akaanza kuinua mikono. Akainua, akainua, mpaka ikapita kamera yake, mpaka ikafika juu kabisa inapoweza kufika, na shuka likapanda nayo, na lile kunjo la chini likatoka sakafuni, likaja, likanifikia hapa nyongani. Sikuinama. Nilinyoosha mkono tu nikalichukua, kama mtu anayechukua taulo kwenye kamba.

Nilisimama pale na kunjo mkononi. Mtaalamu wa miwani akapiga makofi, akaita wenzake. "Nani kamfundisha hili?" Hakuna aliyemfundisha. Alikosa pa kwenda chini, akaenda juu.

Sasa nijibu wewe. Mgongo ulikuwa mbovu, nakubali, daktari kasema, picha zipo. Mikono je? Mikono yako ilikuwa mizima. Mikono hiyo ilinivuta kila asubuhi nikayumba. Ungeinua mikono tu! Ungeinua, na mimi nisingeinama, na wewe usingeinama, na asingejua mtu kwamba unaumwa. Zuzu ni bati, hana mama wala baba, kalijua hilo kwa wiki chache. Wewe ulikuwa na mke, na miaka.

Nijibu. Bila mizaha.

Mama wa binti yako

*

Tarehe 18 Machi

Mama wa binti yangu,

Bila mizaha, basi barua itakuwa fupi.

Mashine ya huku nayo imeinua mikono. Nimerudi kazini Jumatano nikiwa na mkanda wa mgongo chini ya shati, nikaikabidhi ncha nikiwa nimefumba macho, nikasubiri maumivu. Kitu kikanigusa nyonga. Kumbe ni kunjo. Nilijua limetoka kwako.

Umeuliza mikono. Nililijua hilo la kuinua. Nililijua mapema, labda mwaka ule ule nilipoanguka. Ukiwa huwezi kuinama unafikiria mambo mengi kuhusu urefu wa vitu. Kuna siku nililijaribu, tulikuwa tunakunja mashuka ya wodi ya watoto. Niliinua mikono juu ya kichwa. Ukanitazama, ukasema, "Umeamkaje leo, mbona unajinyoosha kama jogoo?" Wale wa pembeni wakaguna. Nikaona ukiendelea kuniangalia utaniuliza kwa nini, na nikikujibu utaniangalia kwa jicho jingine mpaka nife. Nikashusha mikono. Nikakuvuta uyumbe, ukakasirika, ukaacha kuniangalia. Nikaona hasira yako inanifaa. Mtu akiwa na hasira na wewe hakuchunguzi.

Sikuinua tena. Hilo ndilo jibu, ni baya, na sina lingine.

Jana nimewaambia wakubwa ukweli wa mgongo. Nimewaambia pia kwamba mikono juu imetoka kwako, kazi ni yako. Wamenishukuru sana, wamenipa mkono mmoja mmoja na fulana yenye picha ya mashine kifuani. Ni ndogo. Kwa hiyo ndiyo hivyo, sina kazi, nina fulana.

Nikiinua mikono leo, itakufaa kitu?

Baba wa binti yako

*

Tarehe 29 Machi

Baba wa binti yangu,

Usiniletee ushujaa wa dakika za mwisho. Kazi ningeipata hata ungebaki, mimi nakunja vizuri kuliko wewe na unajua. Nimesaini jana. Mwalimu wa kudumu. Mashine zitakazopelekwa kwingine zote zitaamka na akili ya hapa, na madobi nisiowajua, wanawake wenye viuno kama changu, watainuliwa shuka na hawatajua ni kwa sababu ya ugomvi wa nani. Hilo limenifurahisha, nakiri.

Ile siku ya wodi ya watoto nimeitafuta kichwani wiki nzima. Siikumbuki. Siku pekee ninayoikumbuka ni ile uliyonitukana, na hii nyingine, uliponiinulia mikono, imepita kwangu kama nzi. Nimeudhika sana kujua hivyo. Nimeudhika na wewe, na hasira inayobaki sijui niielekeze kwa nani, maana nikigeuka pande zote niliyebaki ni mimi.

Leo nilikuwa namwelekeza mwalimu msaidizi, fundi cherehani wa zamani, mwanamke mwenye hasira za karibu kama zangu. Anabonyeza chekundu tu, chekundu tu, na mashine imesimama katikati ya chumba haijui iende wapi. Nimemwambia, "Dada, chekundu kinamwambia asifanye hili. Hakimwambii afanye nini. Akikosea mara mia na ukamwadhibu mara mia, mara moja akipatia na wewe ukanyamaza, umepoteza siku nzima." Nimeyasema hayo kwa sauti ya mwalimu wa kudumu, mkono kiunoni. Kisha nimeingia chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi. Yule dada anadhani nimelia kwa ajili ya mashine.

Kwa miaka yote tuliyoishi mimi na wewe, kijani sikukubonyezea hata mara moja. Wewe pia hukustahili mara nyingi, tusidanganyane. Lakini mara moja ulistahili, na nikakuita jogoo.

Kukurudia sirudi, futa hiyo fikra kabla haijaota mizizi. Ila Jumapili njoo. Lango la nyuma, lile la mbele lina majirani. Nina shuka la kitanda kikubwa limekauka na siwezi kulikunja peke yangu, na Zuzu haruhusiwi kutoka kazini. Wewe utashika juu, mimi nitachukua chini. Usivute. Nikiridhika nitasema. Nisiporidhika utajua mwenyewe, hilo una uzoefu nalo.

Mama wa binti yako